Kipawa: Kutambuliwa Kwanza, Kuteuliwa Baadaye

Huko Mweiga, Nyeri, mtoto anayeshika hesabu haraka husemwa ana kichwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 humweka mtoto huyo mahali ambapo wazazi wengi hawapatarajii: chini ya elimu ya mahitaji maalumu, pamoja na wenzake wenye ulemavu. Na ni sawa kabisa. Naye anahitaji kufundishwa kwa namna inayomfaa.

Istilahi inayomfaa ni mwanafunzi mwenye kipawa. Kipawa, yaani alichopawa mtu, kimetokana na kitenzi -pa, sawa na kipaji. Tanzania imeshika kipaji, ndiyo maana Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala huitwa shule za vipaji maalumu. Nchini Kenya, kipaji na talanta hutajwa zaidi penye nyimbo na riadha, kwa hiyo kipawa kinafaa zaidi kwa wepesi wa akili.

Kazi ya kumpata mwanafunzi huyo ina hatua mbili: utambuzi, kisha uteuzi. Kenya ilizoea ya pili tu. Tangu 1985 hadi 2023, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, KCPE, ulimpima mtoto kwa alama, na waliofika juu wakaitwa kwenye shule kama Alliance au Mang'u. Mwanasaikolojia wa Marekani Joseph Renzulli alikwisha kuonyesha mwaka 1978 kwamba kipawa hujitokeza pale uwezo, ubunifu na bidii ya kushikilia kazi vinapokutana. Mtihani wa siku chache huonja uwezo. Hayo mengine huonwa na anayeishi na mtoto.

Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri hiyo hiyo, hakuanza kwa mtihani. Kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama akakubali aende. Mwaka 2004 akatunukiwa Nobeli ya Amani.

Sasa, katika kuingia sekondari ya juu, mtihani wa gredi ya tisa una uzito wa asilimia 60, ule wa gredi ya sita 20, na tathmini za shuleni 20. Sehemu hiyo ya mwisho imo mikononi mwa mwalimu. Basi mwalimu wa Mweiga na aweke daftari: nani huuliza swali lisilo kitabuni, nani humaliza mapema kisha akasumbua wenzake kwa kukosa la kufanya. Na amwonyeshe mzazi daftari hilo mapema, kabla ya gredi ya tisa.