Desemba ya Haneti: jua hurudi, mvua je?

Kila Desemba simu zetu hujaa picha za Stonehenge: watu wamevaa makoti mazito, wanasubiri jua lichomoze baada ya usiku mrefu kuliko yote kule kaskazini. Wapagani wa Ulaya waliwasha moto na kula karamu. Warumi walikuwa na Saturnalia, kuanzia tarehe 17, na kufikia mwaka 354 kalenda moja ya Roma ilikwisha kuandika kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25.

Nasoma haya nikiwa Haneti, wilaya ya Chamwino, najiuliza: sisi mwezi huo tuliogopa nini? Giza? Hapana. Huku siku ndefu na siku fupi hazipishani hata saa moja. Baridi yetu nayo ni ya Juni na Julai. Hofu ya Desemba ya Mgogo ni wingu linalopita bila kudondosha kitu.

Mathias Mnyampala, mshairi wetu aliyeandika historia na mila za Wagogo mwaka 1954, alizaliwa 1917, njaa ya Mtunya ilipokuwa inaanza. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokuja kugoma, ghalani hakukuwa na akiba. Njaa ikaenda mpaka 1920.

Ndiyo maana mtemi hakuwa mtu wa kuamua kesi tu. Yeye ndiye aliyeshika mawe ya mvua. Na nchi ikiharibika, kwa mfano ng'ombe wakifa kwa maradhi, kazi ilikuwa ya wanawake. Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameeleza jinsi walivyovaa nguo za wanaume, wakachunga ng'ombe, kisha wakacheza ngoma hadi mpakani kuitupa ile mbeho mbaya. Mbeho ni upepo, ila hapa ni hali ya nchi nzima. Wanageuza mambo ili mambo yageuke. (Waume zao walijisikiaje siku hiyo, natamani kungekuwa na shairi.)

Wengi husema hizi ni sherehe zilezile, jua kule, mvua huku. Mimi naona zinatofautiana pakubwa. Jua halijawahi kukosa miadi. Mzungu aliweza kuweka tarehe, akaalika wageni, na hofu ikageuka taratibu kuwa mishumaa na zawadi. Mvua haina tarehe. Huwezi kuialikia watu. Kwa hiyo tambiko letu halikupata nafasi ya kuwa sikukuu, lilibaki kazi.

Utemi ulifutwa kisheria 1963. Siku hizi utabiri wa msimu, Novemba mpaka Aprili, unatolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na makanisani watu wanaombea mvua. Krismasi ikifika, uwele na mtama vimeshapandwa, na wali unaliwa huku macho yapo mlangoni, yanatazama mashariki.