Kabla ya Kukata Pori, Muite Jirani

 Leo tunazungumza juu ya jambo linalogombanisha jamaa nyingi hapa Mutshatsha: kukata pori na kusawazisha udongo karibu na shamba la mwingine.

Tuanze zamani. Katika desturi ya Walunda kulikuwa na mkubwa aliyeitwa mwantangand, yaani mwenye nchi. Alikuwa wa uzao wa wale waliotangulia kukaa mahali pale, naye aliangalia mambo ya udongo na ya mababu. Kukusanya kodi ya Mwant Yav kulikuwa kazi ya mwingine, chilol.

Wazee wetu walikata miti, wakachoma, wakalima miaka michache, kisha wakaacha udongo upumzike. Serikali ya Léopold II haikulielewa jambo hilo. Tarehe 1 Julai 1885 iliamuru kwamba udongo usio na mtu ni wake. Basi shamba lililopumzika likahesabiwa kuwa pori tupu.

Ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia tu. Kwa mashamba ya vijiji iliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wenyeji. Miaka mingi ikapita, amri isitoke. Ndiyo maana watu wawili husimama juu ya shamba moja, huyu na karatasi ya ofisi, yule na neno la mababu, na kila mmoja anaamini ana haki.

Vita viliongeza taabu. Mwezi wa 3 mwaka 1977 wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliiteka Mutshatsha. Mwezi uliofuata askari wa Zaire, wakisaidiwa na wa Moroko, wakairudisha. Watu wengi walikimbilia Angola. Tena mwaka 1992 na 1993 jamaa za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Mtu akikimbia, majani huota shambani mwake. Aliyebaki anaona pori. Anayerudi anaona shamba la baba yake. Hakuna anayesema uongo hapo.

Lakini sheria ile ya 1973 ilikuwa na neno jema pia. Ilisema mwenye shamba asivunje usawa kati yake na jirani. Akimdhuru kwa uzembe, alipe. Na juu ya maji: shamba la chini hupokea maji yanayotelemka yenyewe, siyo yale yaliyoelekezwa na mkono wa mtu. Basi, ukisawazisha mlima kwa trakta, na mvua ikapeleka udongo wako juu ya mihogo ya jirani, deni ni lako, hata kama karatasi yako ni safi.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya shoka muite jirani, shefu wa kijiji na wazee wa pande zote mbili. Tembeeni mpaka kwa miguu. Onyesheni kichuguu, kijito, mti mkubwa. Alama hizo zisiguswe. Andikeni mliyopatana, wote watie sahihi. Wakati wa kipwa, safisha njia ya kuzuia moto na umwambie jirani siku utakayochoma. Mashini ikija, kwanza mfereji wa maji, kisha kusawazisha.

Nanyi wakubwa wa vijiji, msigawe shamba la aliyekimbia bila kuwauliza ndugu zake. Nawe uliyerudi, usianze kwa panga. Anayelima pale leo pengine alipewa na mkubwa, naye ana watoto wa kulisha. Mwacheni avune kwanza, ndipo mkae chini.

Wazee walisema: kuuliza si ujinga. Nusu saa ya kuuliza mpakani inaweza kuzuia damu ya miaka mingi.