Kabla ya Kununua Betri, Tazama Waya

Nilipokuwa kijana redio yetu ya nyumbani ilianza kukoroma wakati wa taarifa ya habari. Nikakimbilia dukani, nikanunua betri mpya zote nne. Redio ikakoroma kwa nguvu zaidi. Akaja mzee jirani, akatazama nyuma yake, akaunga waya wa antena uliokuwa umekatika. Tukamsikia msomaji wa habari kana kwamba yumo chumbani. Tangu siku hiyo namtilia shaka kila anayesema kwamba dawa ya umbali ni nguvu.

Kisa hicho kilinirudia niliposoma habari za Maynard Hill, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kuunda ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio. Rimoti ya mchezo huo kwa kawaida haifikii hata wati moja. Inatosha kwa kilometa moja au mbili, na mchezaji hahitaji zaidi, kwani ndege asiyoiona hawezi kuiongoza kwa macho.

Hill alitaka ndege yake ivuke bahari ya Atlantiki. Mtu wa betri mpya angesema: ongeza wati! Haya, tupige hesabu. Mawimbi ya redio husambaa kama mwanga wa karabai: ukienda mbali mara mbili, unabaki na robo. Kutoka kilometa 2 hadi 3,000 ungehitaji nguvu mara 2,250,000. Na hata hapo ungekwama, maana dunia ni mviringo. Mawimbi ya rimoti si kama yale ya masafa mafupi tunayosikilizia redio za ng'ambo. Kwa kawaida anga haiyarudishi chini.

Nguvu zilikwisha kujaribiwa juu ya bahari hiyo hiyo. Mwaka 1901, huko St John's, Newfoundland, Guglielmo Marconi alinyanyua antena kwa tiara, akatangaza kwamba amenasa ishara kutoka Uingereza. Mwaka 1907 kampuni yake ilifungua kituo karibu na Clifden, Ireland, ili kupeleka simu za maandishi ng'ambo ya pili. Kilikuwa na mitambo mizito kama ya kiwanda.

Hill alifuata njia ya yule mzee jirani. Rimoti aliipa kazi mbili tu, kuondoka na kutua. Katikati ya safari, kompyuta ndogo ndani ya ndege ilisikiliza satelaiti na kushika njia yenyewe. Satelaiti hizo ziko zaidi ya kilometa 20,000 juu yetu, na nguvu zake ni makumi ya wati tu, kama balbu ya sebuleni. Siri ni kipokezi kinachojua kusikiliza.

Haikuwa kazi rahisi. Ndege zilizotangulia zilipotelea baharini. Hill alikuwa na miaka 77, masikio mazito, na macho yamefifia hata akahesabiwa kisheria kuwa kipofu. Tarehe 9 Agosti 2003, ndege isiyofikia kilo 5 pamoja na mafuta yake ilirushwa kwa mkono kutoka Cape Spear, karibu na St John's. Baada ya saa 38 na dakika 52 ilifika ufuko wa Mannin, karibu na Clifden. Mwenzake, Dave Brown, akaipokea kwa rimoti, akaitua salama.

Hill alifariki mwaka 2011. Hata leo wako wachezaji wanaofunga vikuza nguvu kuvuka kikomo cha sheria. Wanaongeza nguvu mara nne wapate umbali mara mbili, huku wakimfunika jirani anayerusha ndege yake kando yao. Ndege isiyosikia rimoti yake huanguka, na chini kuna watoto.

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.