Sonona na wasiwasi kwa wagonjwa wa saratani: Kwa nini swali la muuguzi lina uzito Rusizi

Kwa mgonjwa wa saratani anayeishi Rusizi, wilaya iliyo kusini magharibi mwa Rwanda kando ya Ziwa Kivu, tiba humaanisha safari ndefu. Kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012, kipo wilayani Burera, kaskazini mwa nchi. Tiba ya mionzi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019, hupatikana katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Kigali.

Kati ya safari moja na nyingine mgonjwa hurejea nyumbani. Anayekuwa karibu naye ni muuguzi wa kituo cha afya, au wa hospitali za Gihundwe na Mibilizi. Mara nyingi huyo ndiye anayeweza kuwa wa kwanza kutambua kwamba mgonjwa amekata tamaa.

Kutambua si rahisi. Uchovu, kukosa usingizi na kupoteza hamu ya kula huweza kutokana na saratani yenyewe au dawa zake. Kwa hiyo muuguzi huchunguza zaidi huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, kutofurahia chochote, na hisia ya kuwa mzigo kwa familia. Kwa Kinyarwanda hali hiyo huitwa agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi.

Hojaji ya PHQ-9 ina maswali 9 kuhusu sonona. Alama 10 au zaidi kati ya 27 huonyesha haja ya uchunguzi wa kina. GAD-7, yenye maswali 7, hupima wasiwasi.

Hatua ya kwanza ya uuguzi ni kutuliza maumivu, kwani maumivu makali huzidisha hofu. Kisha hufuata kumsikiliza mgonjwa faraghani, kumweleza tiba kwa lugha anayoielewa, na kuishirikisha familia kwa ridhaa yake. Kumuuliza waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, na apewe rufaa siku hiyohiyo.

Dawa za sonona huhitaji wiki kadhaa kuleta nafuu, na baadhi, kama paroksetini, huweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni inayotumiwa na wagonjwa wa saratani ya matiti. Muuguzi anapaswa kumjulisha daktari dawa zote anazotumia mgonjwa.

Sonona isiyotibiwa humfanya mgonjwa aache dawa au asisafiri tena kwenda kutibiwa. Kuitibu ni sehemu ya kutibu saratani.