Mafundi piano na mtihani wao

UE zimeshaanza kunukia, kila kona watu wanapiga msuli, madesa yanatembea mkono kwa mkono... na mimi kichwani nina mafundi piano. Msicheke kwanza! Sisi wa ualimu tuna lile somo la upimaji na tathmini, ambamo tunaimbishwa kila kukicha kwamba mtihani mzuri lazima upime kile kilichokusudiwa, na usibadilike kwa sababu msahihishaji kaamka vibaya. Sasa mfano bora wa mtihani wa hivyo niliokutana nao haukutungwa na maprofesa wa elimu. Ulitungwa na mafundi wa Marekani, watu wa kuzunguka nyumba hadi nyumba na begi la spana.

Tuanzie mbali kidogo, Paris. Claude Montal alizaliwa 1800, akapofuka akiwa bado mtoto, akapelekwa kwenye taasisi ya vijana wasioona, ileile aliyosoma Louis Braille. Humo yeye na mwenzake asiyeona wakaanza kuifungua piano ya shule na kujaribu kuityuni, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka sauti zikubaliane. Fundi mwenye macho aliyekuwa analipwa kwa kazi hiyo akaenda kuwashtaki, wakapigwa marufuku. Hawakuacha. Mwishowe wakubwa wenyewe wakakubali kwamba jamaa anajua, akawa anawafundisha wenzake, kisha akatoka kutafuta riziki mjini. Mwaka 1836 akachapisha kitabu cha kumwelekeza mtu namna ya kutyuni piano yake mwenyewe.

Lakini fikiria alivyohangaika. Watu hawakuamini kwamba asiyeona anaweza kukabidhiwa chombo chenye nyuzi zaidi ya 200, na hapakuwa na cheti cha kuwaonyesha. Kila mlango aliobisha alianza upya kujieleza. Fundi mbovu mwenye macho naye alipita bila kuulizwa swali.

Tatizo hilohilo lilikuja kuwa kubwa zaidi Marekani. Mwaka 1909 peke yake viwanda vya kule viliuza piano zaidi ya 300,000. Na piano haityuniwi mara moja ikaisha: ubao wake wa sauti unavimba hewa ikiwa na unyevu, unanywea ikikauka, na nyuzi zinapanda na kushuka nao. Kwa hiyo kazi ilikuwapo tele, na aliyetaka alichapisha kadi akajiita fundi. Mpaka leo hakuna sheria ya kumzuia. Mafundi wakaona bora wajipange wenyewe. Katikati ya karne iliyopita vilikuwapo vyama viwili vikubwa, National Association of Piano Tuners na American Society of Piano Technicians, na mwaka 1957 vikaungana kuwa Piano Technicians Guild. Ya mivutano ya viongozi tuyaache, vyama ni vilevile duniani kote.

Kinachonivutia ni matawi. Fundi hajiungi na jina tu, anajiunga na tawi la mji wake au eneo lake, na matawi mengi hukutana kila mwezi, pengine kwenye karakana ya mmoja wao au kanisani penye piano. Wanamaliza mambo ya ada na kumbukumbu za kikao, kisha mmoja anachomoa mtambo wa nyundo na kuwaonyesha wenzake namna ya kuchonga nyundo zilizochakaa, au kuunga waya uliokatika. Kumbuka hawa mchana wanagombea wateja walewale! Sisi humu desa la mwaka jana mtu analificha chini ya godoro.

Haya, mtihani sasa. Unampimaje mtu kama katyuni sawasawa? Utasema mashine ipo: LA ya katikati ni mitetemo 440 kwa sekunde, ilikubaliwa London 1939, nyingine piga hesabu. Ngoja. Waya wa piano ni wa chuma na ni mgumu, kwa hiyo zile sauti ndogo zinazojificha ndani ya sauti yake kuu zinakuwa juu kidogo kuliko hesabu inavyotaka. Ukifuata hesabu kavu, piano itasikika mbovu. Fundi mzuri huivuta kidogo, za juu anazipandisha, za chini anazishusha. Mwaka 1938 O. L. Railsback alipima piano zilizotyuniwa na mafundi akaukuta mvuto huo uko wazi kabisa. Sikio lilikuwa limeshajua. Tena kila piano ina kiasi chake, kwa hiyo jibu moja la kubandika ofisini halipo.

Kuelekea 1980 wanachama wawili, Albert Sanderson na Jim Coleman, wakasaidia kupata dawa. Kabla mtahiniwa hajaingia, watahini wenyewe, kwa kawaida watatu, wanaityuni ile piano kwa masikio. Wanabishana noti kwa noti mpaka wakubaliane. Kifaa kinarekodi walichokubaliana, kisha piano inaharibiwa makusudi kwa mpangilio maalumu. Ndipo mtahiniwa anaingia. Sehemu ya katikati lazima aityuni kwa sikio lake, bila kifaa. Akimaliza, kazi yake inalinganishwa na ile ya watahini kwa senti (senti 100 ni hatua moja kutoka kibonyezo hadi kibonyezo kinachofuata), na kupita ni asilimia 80. Upo pia mtihani wa kuandika na ule wa ukarabati.

Kilichonifanya nisimame ni hiki: kifaa kikisema umekosea noti fulani, hawakukati maksi papo hapo. Watahini wanarudi kwenye piano kusikiliza kama kosa linasikika kweli. Lisiposikika, maksi zako zinabaki. Na wewe unaweza kuonyeshwa hapohapo, kwa sikio lako, sauti inavyoyumba. Mtu anaondoka amefeli lakini anajua amefeli nini. Sisi karatasi inabandikwa ukutani, namba yako na herufi moja mbele yake, basi. Ukitaka kujua ile C imetoka wapi uanze safari ya ofisi hadi ofisi.

Ijumaa tuna semina ya somo hilohilo la tathmini. Nitanyoosha mkono nimuulize lekchara: wale wanaotutungia, wamewahi kukaa watatu, wakaufanya mtihani wao wenyewe kwa muda uleule, kabla hawajatupa sisi?