Benki Imefungwa, Rehani Iko Palepale

Mei 12, 2017, Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni Mbinga Community Bank kwa upungufu mkubwa wa mtaji, ikaiteua Bodi ya Bima ya Amana kuwa mfilisi. Macho yote yalielekezwa kwa wenye akiba. Wachache walimkumbuka mkopaji: akimaliza deni, nani atathibitisha kwamba mali yake imekombolewa?

Mfilisi. Benki ikifa, madai yake hubaki hai.

Mkopaji akiwa kampuni, usajili wa rehani na wa kukombolewa kwake una mizizi katika mwaka 1932, Tanganyika ilipopata sheria ya kampuni iliyofuata mfano wa Uingereza. Mwaka huohuo ilikuja sheria ya vyama vya ushirika, na hiyo ndiyo Wamatengo wa Mbinga waliyoishika. Mwaka 1936 kikasajiliwa chama kikuu cha Ngoni-Matengo, kikiwaunganisha Wangoni na tumbaku yao, Wamatengo na kahawa yao ya milimani. Serikali ilivivunja vyama vikuu mwaka 1976, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha, na Mbinga ikapata chama kikuu chake, MBICU. Mkulima alichukua mbolea na dawa kwa mkopo, akakatwa deni kahawa yake ilipolipwa. Kulipa na kufuta deni vilikwenda pamoja, katika daftari moja.

Soko huria la miaka ya 1990 liliingiza wanunuzi binafsi, MBICU ikaanguka. Biashara ya kahawa sasa ilifanywa pia na kampuni, na kwa kampuni daftari ni la Msajili wa Kampuni, si la mkopeshaji.

Sheria ya Kampuni ya 2002, iliyoanza kutumika 2006, inataka rehani isajiliwe ndani ya siku 42. Ikichelewa, haina nguvu mbele ya mfilisi wala wadai wengine. Ndiyo maana benki hukimbilia kusajili. Deni likishalipwa, anayehangaika ni mkopaji peke yake: apeleke ushahidi, Msajili aridhike kwamba deni limelipwa lote au sehemu, au mali imeachiwa, ndipo aandike hivyo katika rejista. Asipofanya hivyo, mkopeshaji mpya akipekua rejista atakuta ghala au mashine bado ziko chini ya rehani.

Zamani ushahidi huo ulisafiri takriban kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam. Tangu 2018 Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) inapokea maombi kwa mtandao, ila barua ya mkopeshaji bado inahitajika.

Na swali la mkopaji halikuishia Mbinga: Januari 4, 2018, zilifungwa benki nyingine tano kwa siku moja, ikiwamo ya wananchi wa Njombe, na Bodi ileile ikakabidhiwa ufilisi wake.