Kuni, Mkaa, Umeme: Karne ya Amri Jikoni Usukumani

Aprili 2023 Serikali iliagiza kwamba taasisi zinazolisha watu 100 au zaidi kwa siku ziwe zimeachana na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano uliokusanya ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya majiko ya Afrika. Agizo lilianzia kwenye masufuria makubwa ya shule na magereza, lakini kila aliyesoma lengo la 2034 anajua halitaishia hapo. Sasa tunajiuliza kuhusu nyumba ya mtu binafsi, hasa ile inayojengwa leo: je, iruhusiwe kujengwa ikiwa jiko lake bado ni la kuni?

Mikoa ya Shinyanga na Geita ina mengi ya kusema hapa, kwa kuwa imeamriwa mengi. Kwa miaka mia moja hivi watu wa huku wameambiwa wakate miti, kisha wakaambiwa wasikate, na mara zote aliyeamuru alikuwa na hakika kwamba sayansi iko upande wake.

Mambo yalianza na ng'ombe. Sotoka iliyoshuka Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliteketeza mifugo, na palipokosa ng'ombe wa kulisha na watu wa kulima, pori lilirudi. Lilirudi pamoja na mbung'o. Waingereza walipochukua nchi waliona dawa ni moja, kulifyeka pori hilo. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o, aliifanya Shinyanga makao yake makuu, na katika miaka ya 1920 na 1930 watemi wa Kisukuma walitakiwa kutoa watu kwa maelfu waende na mashoka na moto. Walikwenda, na mbung'o alirudi nyuma. Kusema kweli kazi ile iliokoa maisha ya watu na mifugo, na si haki kuikejeli tukiwa tumekaa kivulini. Ila hakuna aliyeuliza mama wa Shinyanga angepikia nini baada ya miaka thelathini.

Pamba ikaja kukamilisha kilichoanzwa na shoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa 1947 ulihamasisha watu wahame kwenda Geita, iliyokuwa bado na misitu na nafasi, na vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani vikaifanya pamba kuwa fedha ya kila nyumba. Mpango huo ulikuja na kanuni zake: idadi ya ng'ombe, matuta, mahali pa kulisha na mahali pa kulima. Watu walichoshwa. Geita ndiko hasira ilikowaka mwaka 1958 kupinga halmashauri ya wilaya ya rangi mchanganyiko, waandamanaji wakafika mpaka Mwanza. Wanahistoria huliweka tukio hilo kwenye sura ya uhuru, nami sina ugomvi na hilo. Lakini chini yake kulikuwa na uchovu wa kuamriwa jinsi ya kuishi shambani na nyumbani.

Uhuru haukuliondoa shoka. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu mahali pamoja, na wengi waliacha nyuma ngitili zao. Ngitili ni eneo ambalo mfugaji wa Kisukuma hulifunga wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumzike, kisha hulifungua kiangazi wakati malisho yamekwisha kwingine. Mwenye ngitili akihamishwa, ngitili inakuwa ya kila mtu, na ya kila mtu haina mlinzi. Kijiji kipya nacho kilihitaji kuni zote kutoka pande zilezile, kila siku. Kufikia miaka ya 1980 sehemu nyingi za Shinyanga zilikuwa tupu kiasi kwamba watu walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, yaani mbolea ya shamba iliingia kwenye mafiga. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa huo mwaka 1984 alitishwa na alichokiona. Tangu wakati huo jina la jangwa la Tanzania likaiganda Shinyanga.

Hapo ndipo historia hii inapopinda. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni mabwana misitu walifanya kama kawaida yao: vitalu vya miche, miti ya kigeni, mikutano ya kuhimiza. Matokeo yalikuwa ya wastani. Mambo yalibadilika walipowasikiliza wenyeji waliosema kwamba dawa wanayo tangu enzi za babu, nayo ni ngitili. Mizizi na visiki vilivyokuwa ardhini vilihitaji tu kuachwa. Kilichofuata hakikuwa cha kawaida. Mwaka 1986 ngitili zilizofahamika zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipofika mwisho mwaka 2004, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nani alilinda? Siyo askari wa misitu. Walinzi walikuwa sungusungu na mabaraza ya vijiji, waliomtoza faini jirani aliyeingiza mifugo kabla ya wakati. Kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea na miti ya kujengea vilikuwa vya mwenye ngitili au vya kijiji chake, na faida ilihesabika: utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria thamani ya mazao ya ngitili kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.5. Mtu hahitaji kuhubiriwa alinde kitu kinachompa fedha hiyo.

Linganisha na amri ya Januari 2006. Mwaka huo wa ukame na mgao wa umeme, Serikali ilipiga marufuku mkaa nchi nzima. Mkaa haukuondoka sokoni. Ulipanda bei, ukasafirishwa usiku, na baada ya wiki mbili hivi marufuku ikaondolewa kimyakimya. Hakukuwa na kitu cha kuwekwa mahali pake. Hilo tu ndilo lililokwamisha amri hiyo, wala si ukaidi wa wananchi kama ilivyosemwa.

Geita imekwenda njia yake. Dhahabu ilionekana huko tangu enzi za Wajerumani, mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukafanya kazi mpaka mwaka 1966, kisha mwaka 2000 mgodi wa sasa wa GGM ukafunguliwa. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa, na sensa ya 2022 ilikuta watu karibu milioni 3, kutoka milioni 1.7 miaka kumi nyuma. Shinyanga ina milioni 2.2. Idadi hiyo inataka nyumba na ugali wa kila siku.

Wachimbaji wadogo wa Rwamagasa, Nyarugusu na Mgusu wanatumia miti kwa njia ambazo mkakati wa jikoni hauzioni. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, linashikiliwa na matimba, magogo yanayopangwa ukutani ili udongo usishuke, na kadiri linavyozama ndivyo magogo yanavyozidi. Karasha za kusaga mawe na pampu huendeshwa kwa dizeli mahali ambapo nguzo haijafika. Dhahabu iliyokamatwa na zebaki huchomwa juu ya jiko la mkaa, mara nyingi hilohilo linalopikiwa chai. Mgodi mkubwa nao haukuwa mfano wa kuigwa: kwa zaidi ya miaka 20 ulijizalishia umeme kwa dizeli, na ni miaka hii ya karibuni tu ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Upande wa Kahama, mgodi wa Bulyanhulu ulivutiwa laini ya kilovoti 220 kutoka Ibadakuli, Shinyanga, tangu ulipoanza, nazo nyaya zikapita juu ya vijiji vilivyosubiri umeme wao kwa miaka mingi zaidi.

Turudi kwenye nyumba mpya, maana humo mjadala una jambo linalosahaulika: moto wa kwanza wa nyumba huwaka kabla haijapata mlango. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Nyerere aliandika kwa ukali juu ya watu walioona nyumba bora ni saruji na bati tu, wakati udongo wa matofali na vigae umejaa chini ya miguu yao. Alikuwa na hoja. Wananchi waliifuata nusu: bati walibaki nalo, matofali wakachoma. Pita leo barabara ya Kahama kwenda Geita uone matanuru yaliyosimama kando ya viwanja. Matofali mabichi hupangwa kama nyumba ndogo, chini zinaachwa njia za kusukumia magogo, nje panakandikwa udongo kuzuia joto lisitoke, kisha moto huwashwa na kuangaliwa usiku na mchana. Wachomaji hawataki vijiti, wanataka gogo nene linalokesha. Mwembe uliozeeka ndio huishia humo. Palipo na mashine za kukoboa mpunga, pumba hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, na tofali za udongo za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono na saruji kidogo, hazihitaji moto kabisa. Halmashauri inayotaka kuanza mahali fulani ingeanzia kwenye tanuru. Familia moja hupika siku nyingi kabla ya kumaliza kuni zilizochoma kuta zake.

Wenzetu wa nchi tajiri wanagombana juu ya kitu kingine. Mwaka 2019 mji wa Berkeley, California, ulipiga marufuku mabomba ya gesi katika majengo mapya, ili nyumba zitumie umeme tu. Chama cha wenye migahawa kilikwenda mahakamani, na Aprili 2023 mahakama ya rufaa ikaiona amri hiyo kinyume cha sheria ya nchi. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya aina hiyohiyo mwaka 2023. Kule gesi ndiyo adui. Huku ni zawadi, inagawiwa kwa mama lishe ikiwa kwenye mtungi wa kilo 6 na picha zinapigwa. Kwa mapafu ya mama anayepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, gesi ni nafuu kubwa, na anayemkataza kwa jina la tabianchi ajaribu kwanza kupika humo kwa mwezi mmoja. Lakini tusijidanganye. Gesi ya mtungi inatoka nje ya nchi kwa meli, inapanda lori mpaka Kanda ya Ziwa, na bei yake haipangwi Kahama. Isitoshe, bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga linapita katika mikoa ya Geita na Shinyanga. Mkoa unaofukia bomba hilo utapata shida kumwambia mwananchi kwamba mtungi wake ndio tatizo la dunia.

Umeme, basi. Kwa upande wa nguzo, maendeleo ni makubwa kuliko wengi tunavyokiri. Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha nyaya karibu kila kijiji, na mtu wa kijijini huunganishwa kwa Sh 27,000. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Kishapu, mkoani Shinyanga, ulianza kujengwa mtambo wa jua, awamu yake ya kwanza ikiwa megawati 50. Nchi ambayo mwaka 2006 ilikuwa gizani sasa ina umeme wa ziada saa nyingi za siku.

Tatizo liko kwenye mita. Mteja mdogo wa nyumbani hulipa Sh 100 kwa uniti, bila kodi, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Akizivuka, uniti inakuwa Sh 350. Mpango huo ulikusudiwa kumsaidia maskini, na kwa taa, simu na redio unamsaidia kweli. Sasa mwambie apike. Jiko la sahani moja la kilowati 1, likiwashwa saa tatu kwa siku, linakula uniti 90 kwa mwezi peke yake, taa hazijahesabiwa. Yaani bei ya msamaha inakatika palepale anapotii wito wa Serikali. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, lakini bei yake mkulima wa pamba hawezi kuitoa kwa mkupuo, na ugali wa familia ya watu wanane haupikwi ndani ya presha.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuanza na katazo. Ngitili zilirudi kwa sababu mwenye kulinda alipata faida kabla ya mwaka kwisha. Mkaa ulishinda mwaka 2006 kwa sababu mwenye kutii alipata hasara siku ileile. Kibali cha ujenzi mjini Kahama au Geita kinaweza kudai mambo madogo yasiyomuumiza mtu: waya mnene wa jiko na soketi yake tangu nyumba ikiwa msingi, dirisha na tundu la moshi katika jiko la nje, na ushahidi kwamba matofali hayakuchomwa kwa magogo. Hayo yako ndani ya uwezo wa madiwani. Bei ya umeme haiko mikononi mwao, iko kwa mdhibiti, EWURA, na shirika la umeme, TANESCO, na huko ndiko wabunge wa mikoa hii miwili wapeleke kelele zao kwanza: watengeneze bei ya kupikia kwa nyumba ndogo, iandikwe kwenye LUKU, ndipo mtu aulizwe kwa nini bado ananunua gunia la mkaa.